Choo Kimefanya Nini?

"Fundi, choo kimeharibika." Sentensi hii husemwa kwa simu kila asubuhi kutoka Buruburu, Umoja, Donholm na Kayole, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, na sijui nyingine inayomtoa mwenye nyumba pesa kama hiyo anapokarabati bafu lake. Sarufi yake ni safi, lakini haimwambii fundi lolote. Maziwa huharibika, gari huharibika, safari huharibika. Kitenzi hiki hufunga mazungumzo kabla hayajaanza. Fundi akikisikia hana budi kubahatisha, na kubahatisha kwenye bomba kuna bei yake: sistani mpya inanunuliwa, bakuli linang'olewa, vigae vinavunjwa, sakafu inachimbwa, na mwisho tatizo linapatikana kwenye wosha ya mpira inayoenea kwenye ncha ya kidole.

Fundi anayejua kazi yake huuliza akiwa bado mlangoni: "Kimefanya nini, mama?" Anataka kitenzi. Anataka kuambiwa kama maji yanapanda au yanashuka, yanatona au yanachuruzika, kama choo kinanuka au kinagugumia. Jibu sahihi linaweza kuokoa siku nzima ya nyundo na tindo.

Mjadala wetu wa istilahi umekuwa kwa muda mrefu mjadala wa nomino: kifaa hiki tukiite nani, kile tukipe jina gani. Dai langu ni kwamba katika ufundi wa maji nomino nyingi tumeazima, tena bila hasara, lakini ugonjwa wenyewe hutambuliwa kwa vitenzi, na vitenzi hivyo tunavyo tangu zamani. Mwenye nyumba akivishika vizuri anaweza kuchunguza choo chake mwenyewe, kwa macho, masikio na kikombe cha chai, kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Kinachotuzuia kwanza ni adabu. Kiswahili kimelizungushia jambo hili ukuta wa heshima. Mtu huenda haja, ndogo au kubwa, hujisaidia, huingia msalani au maliwatoni. Neno choo lenyewe limebeba mahali pamoja na kile kinachoachwa hapo, ndiyo maana wengi hulikwepa mbele ya wageni. Adabu hii ni nzuri na ninaipenda, ila iliwekwa kwa ajili ya watu. Mama anayeona haya kumweleza fundi kijana kwamba uchafu unapanda badala ya kushuka ataishia kusema "kimeharibika", na haya hiyo atailipia. Kwa bomba, heshima kubwa ni usahihi. Maji yakipanda, tuseme yanapanda, na tuseme yalipanda hadi wapi na baada ya nani kufanya nini.

Wala maji na choo chini ya paa moja si jambo lililotufikia jana. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na choo ndani, birika la maji pembeni na kata ya kuchotea, na kwenye sakafu ya birika kulijengewa bakuli la kaure. Samaki wadogo walifugwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Huo ulikuwa mfumo kamili wa afya nyumbani, na kila kiungo chake kilikuwa na jina. Neno birika, ambalo Nairobi leo linatuletea picha ya chai, lingetosha kabisa kuliita tangi lile dogo la nyuma ya choo. Historia ilikwenda njia nyingine, na mafundi wa Eastlands wanaliita sistani.

Sioni ubaya. Lugha ya maji imekuwa ya kuazima tangu zama za mashua. Bomba na boya ni maneno tuliyoachiwa na Wareno waliokaa pwani yetu. Bomba kwao ni pampu, na boya ni kitu kinachoelea majini. Waingereza nao walituletea koki, wosha, vali, soketi, elbo na yuniani, na mafundi wakayavisha irabu za mwisho yakakaa kama wenyeji. Tatizo la nomino hizi ni kwamba hazitulii mahali pamoja. Mwambie Mkenya afunge mfereji, ataukaza mkono wa bomba jikoni. Mwambie Mtanzania, atatafuta mtaro wa kufukia. Karo kwa mzazi wa Nairobi ni ada ya shule, na kwa mkazi wa Dar es Salaam ni mahali pa kuoshea vyombo au shimo la majitaka. Hata boya lina majina mawili kazini, kwani fundi wa Nairobi huliita floti. Lakini kuvuja ni kuvuja kuanzia Lamu hadi Bukavu, na kuziba ni kuziba. Vitenzi havikuvuka mpaka vikabadilika.

Eastlands inahitaji uthabiti huo kuliko mahali pengi, kwa sababu vyoo vyake ni vya vizazi tofauti. Katika mitaa ya zamani ya wafanyakazi wa reli na ya baraza la jiji, kama Muthurwa na Shauri Moyo, watu walijengewa vyoo vya pamoja. Mradi wa Dandora, ulioanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uligawa viwanja karibu 6,000, na katika viwanja vingi baraza la jiji lilijenga kwanza choo na bafu, kisha mwenye kiwanja akaongeza vyumba kadiri alivyoweza. Huko choo kilitangulia nyumba. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, nyumba zikiwa zimepangwa kwa koti, yaani nyua za pamoja. Umoja nayo ilianza muongo huohuo, na leo sehemu zake, kama Innercore, zimejaa ghorofa zilizosimama bega kwa bega. Ukipita mitaa hii utakuta mabomba ya udongo wa kuchoma, ya chuma, ya plastiki, na yale ya kijani yanayounganishwa kwa joto. Orodha ya vifaa ni ndefu na kila mwaka inaongezeka. Orodha ya mambo ambayo choo kinaweza kufanya ni fupi.

Tuanze na maji yanayotoka mahali yasipostahili. Kwa kawaida husemwa "kinavuja" na mazungumzo yanaishia hapo. Kiswahili kina ngazi nzima chini ya kitenzi hicho. Maji yanayotona hutoka tone kwa tone, unaweza kuyahesabu. Mara nyingi ni nati iliyolegea au wosha iliyochoka. Yanayochuruzika ni uzi mwembamba usiokatika. Hapo kuna vali isiyofunga. Yanayobubujika yanatoka chini kuja juu, kwa nguvu. Hapo bomba lenye presha limepasuka chini ya sakafu, na hiyo ni dharura. Yanayofurika yamepita ukingo wa chombo kilichojaa. Na kuna kiungo kinachotoa jasho, unyevu usiokusanyika hata ukawa tone; kinataka kufunguliwa, kuzungushiwa tepu kwenye uzi wake na kukazwa upya. Mwenye nyumba anayechagua kimoja kati ya vitenzi hivyo amekwisha kumwelekeza fundi mahali pa kuweka spana.

Wakati pia una neno lake. Kama sakafu hulowa kila saa, hata usiku ambapo hakuna aliyeingia, maji yanatoka upande wa kuletea: koki ya ukutani, bomba la kupindika, au chini ya sistani. Kama hulowa baada ya kuflashi tu, kiungo cha bakuli na bomba la majitaka kimeachia. Kausha kila kitu kwa kitambaa, zungushia karatasi ya chooni kwenye kila kiungo, kisha tazama ipi inalowa kwanza. Hapo kiungo chenyewe kitakuwa kimetoa ushahidi.

Kuna uvujaji mwingine usiolowesha sakafu kabisa, na huo ndio unaokula bili. Maji yanapita ndani kwa ndani, kutoka sistani hadi kwenye bakuli, mchana na usiku. Mafundi wa Nairobi wana kitenzi chake, nacho nakipenda kuliko vyote: "inapitisha." Vali inapitisha. Haijapasuka, haijalegea, kwa nje ni nzima. Imeshindwa tu na kazi yake moja ya kuzuia. Kinyume chake ni kushika: vali inashika, au haishiki. Ikishindwa moja kwa moja husemwa imekufa. Uzi wake ukiisha husemwa umelika. Mafundi wamekipa chuma mwili usioshika, unaochoka, unaoliwa na unaokufa, na kila kimoja cha vitenzi hivyo kina tiba yake: cha kwanza husafishwa, cha pili hubadilishiwa wosha, cha tatu hukatwa uzi mpya, cha nne hutupwa.

Jaribio la kugundua kupitisha halihitaji duka. Fungua kifuniko cha sistani baada ya kujaa. Hakikisha maji yako chini ya mdomo wa bomba la ziada, lile linalosimama wima katikati, kwa upana wa kama vidole viwili. Yakiwa juu yake, tatizo ni boya lililopandishwa mno, na unaliteremsha kwanza. Chukua kikombe cha strungi iliyokolea, chai ya rangi isiyo na maziwa, iache ipoe, uimimine ndani ya sistani. Usiflashi, na watoto wasiingie. Baada ya nusu saa tazama ndani ya bakuli. Kama maji yake bado ni meupe, vali ya chini inashika. Kama wekundu wa chai unateremka ukutani mwa bakuli, inapitisha, na sasa unaweza kusema hivyo kwa uhakika. Chombo kinachopitisha glasi moja ya robo lita kila dakika tano hupoteza lita 72 kwa siku, yaani zaidi ya mitungi mitatu ya lita 20. Katika mtaa unaongojea zamu yake ya maji, mitungi hiyo ni kufua nguo za nyumba nzima.

Hapa inafaa kujua sistani yako ni ya ukoo gani, maana kila ukoo una kitenzi chake. Nyumba nyingi za zamani zilirithi mtindo wa Kiingereza wenye saifoni. Uingereza ilishikilia saifoni na kuzuia vali za kuachia maji kwa chini hadi mwaka 2001, kwa sababu saifoni haiwezi kupitisha kimyakimya: maji lazima yanyanyuliwe kupita juu ya kona yake ndipo yateremke. Kwa hiyo saifoni iliyochoka haipitishi, inashindwa kunyonya. Ukilazimika kusukuma mkono mara kadhaa ndipo maji yaende, kiwambo cha plastiki kilichomo ndani yake kimechanika, na kinaweza kubadilishwa peke yake. Sistani za kisasa zenye flapa, ile vali ya chini, huachia maji bila shida lakini hupitisha. Anayemwambia fundi "hainyonyi" na anayemwambia "inapitisha" wametaja vyoo viwili tofauti, na vipuri viwili tofauti dukani.

Mgao wa maji umeongeza ugonjwa wake. Maji ya Nairobi husafiri kutoka mbali, mengi yakitoka bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994 katika milima ya Murang'a, na kampuni ya maji ya jiji huyagawa kwa ratiba ya mitaa. Yanaporudi baada ya siku za ukavu, hewa hutangulia, kisha mchanga na kutu, na punje moja ya mchanga chini ya wosha inatosha kuifanya vali ya boya isishike. Inua boya kwa mkono hadi juu. Maji yakikatika, vali ni nzima na boya linataka kurekebishwa tu. Yakiendelea, vali inapitisha. Ifungue, uisafishe, ubadilishe wosha. Na kama sistani inajaa taratibu mno tangu uliponunua vali mpya, kumbuka kwamba vali hizi hutengenezwa za presha kubwa na za presha ndogo. Tundu la ile ya presha kubwa ni jembamba. Ukiifunga kwenye nyumba inayolishwa na tangi la juu ya paa, itajaza polepole ingawa haina hitilafu. Neno sahihi dukani lingekuokoa: sema maji yako yanatoka wapi, kabla ya kusema unataka vali.

Sasa kuziba. Kitenzi hiki kinafundisha sarufi na ufundi kwa pamoja, kwa sababu viambishi vyake vya wakati ni vipimo. "Kimeziba" ni hali iliyotokea: jana kilikuwa sawa, leo hakipitishi, kuna kitu kimeingia, nepi, kitambaa, mwanasesere wa mtoto. "Huziba" ni tabia: kinazibuliwa, baada ya wiki kinaziba tena, hapo kosa liko kwenye bomba lenyewe, mteremko mbaya, kiungo kilichozama, mizizi ya mti iliyopenya kwenye bomba la udongo. "Kinaziba" kinaendelea polepole, kila siku maji yanachelewa zaidi. Hapo kuna ukoga au magaga yanayokua ndani, hasa kwenye nyumba zinazotumia maji ya kisima yenye chumvi. Kumwita mzibuaji kila mwezi kwa choo ambacho huziba ni kulipia kitenzi kisicho chake.

Na kuna kurudisha. "Choo kinarudisha" ni habari nzito kuliko "kimeziba", na anayeifahamu tofauti hii ana ramani ya mabomba yake kichwani. Flashi choo huku mwenzako ametazama tundu la sakafuni bafuni. Ikiwa bakuli pekee ndilo linalosita na sinki na bafu vinateremsha vizuri, kizuizi kiko kwenye shingo ya choo, na pampu ya mkono ya mpira inaweza kukimaliza. Ikiwa maji ya choo yanaibukia bafuni, yamefika mahali mabomba yanapokutana yakakosa njia, yakarudi kwa mlango ulio chini zaidi. Hapo hakuna faida ya kuling'oa bakuli.

Toka nje. Tafuta chemba, ambayo Nairobi wengi huiita menholi. Inua kifuniko kwa chuma, rudi nyuma kidogo hewa mbaya itoke, usiiname juu yake, usiwashe moto karibu, na usiruhusu mtu yeyote kuingia. Aliye ndani aflashi. Chemba ya kwanza ikiwa kavu na maji hayafiki, kizuizi kiko kati ya nyumba na chemba hiyo, ni mzigo wako. Ikiwa imejaa, nenda kwenye ya pili, na ya tatu. Kizuizi kiko kati ya chemba ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo kavu. Kwenye koti la Buruburu mpaka huo ndio pia unaoonyesha deni ni la nani: la nyumba moja, la majirani wanaochangia bomba, au la kampuni yenye mtaro mkuu unaopeleka majitaka kwenye mabwawa ya Ruai. Nimeona majirani waliokuwa wakilaumiana wakisimama pamoja kwenye ukingo wa chemba mbili, moja imejaa na nyingine kavu, na mabishano yakaisha papo hapo. Katika Umoja jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mitaro iliyopimwa kwa ajili ya nyumba ndogo za familia moja sasa inabeba ghorofa nzima. Mtaro ukielemewa, nyumba za chini ndizo zinazorudishiwa.

Harufu ina lugha yake pia. Choo kisafi kinachonuka kimepoteza maji, na maji hayo yana historia. Mwaka 1775 Alexander Cumming, mtengenezaji wa saa jijini London, alipata hataza ya choo ambacho bomba lake lilikunjwa kwa umbo la herufi S ili maji yabaki kwenye kunjo na kuzuia hewa ya mtaro isipande. Mafundi wetu husema es-trapu, na pi-trapu kwa ile inayotokea ukutani. Trapu maana yake ni mtego, na hapa kinachonaswa ni maji. Kina cha maji hayo ni kama milimita 50 tu. Yakikauka, kwa sababu chumba kimefungwa muda mrefu au tundu la sakafuni halimwagiwi maji, mtaro mzima unapumulia ndani ya nyumba yako. Kabla ya kununua dawa ya harufu, mwaga ndoo ya maji kwenye kila tundu na ungojee. Harufu ikikatika, umepata jibu.

Lakini sikiliza pia. Choo kinachogugumia, kikimeza maji kwa sauti nzito ya koo, kinanyonya maji ya trapu yake chenyewe, kwa sababu bomba halina pa kuvutia hewa. Bomba linalopanda hadi juu ya paa mafundi huliita venti, na kazi yake husemwa kwa kitenzi kizuri: kupumua. Choo kisichopumua hugugumia. Kinachogugumia hukausha trapu. Trapu kavu hunuka. Mlolongo mzima wa sababu umo katika vitenzi vinne, na mtu aliyesikia kugugumia wiki chache kabla ya harufu amekwisha kuelewa kwamba anapaswa kutazama juu ya paa. Huenda venti imezibwa, au ilikatwa wakati chumba kingine kilipoongezwa.

Ukarabati ndio wakati wa kuyachunguza haya yote, kwa sababu ndio wakati makosa yanapozikwa. Wenye nyumba wengi Eastlands huongeza jiko nyuma, hugeuza choo cha kuchuchumaa kuwa cha kukaa, huweka vigae vipya juu ya vya zamani. Katika kazi hizo chemba hufukiwa. Kufukia na kufukua ni ndugu waliozaliwa na mzizi mmoja, kama ziba na zibua, funga na fungua, bandika na bandua, kunja na kunjua. Kiswahili kimeweka tendo na kinyume chake kwa mabadiliko madogo ya mwisho wa neno. Kila unapofanya tendo la kwanza bafuni, jiulize kama umeacha njia ya kufanya la pili. Chemba iliyofukiwa chini ya sakafu ya jiko itafukuliwa siku moja, na gharama yake itakuwa ya jiko zima. Mwombe fundi aiinue hadi usawa wa sakafu mpya na kuiwekea kifuniko kinachofunguka.

Chagua bakuli kwa herufi ya trapu yako kabla ya kuchagua rangi. Bakuli la es halikai kwenye tundu la ukutani, wala la pi kwenye tundu la sakafuni, bila viungo vya kupindisha ambavyo kesho vitaziba. Na kabla ya zege kumwagwa, weka pimamaji juu ya bomba la inchi nne. Jina la kifaa hiki ni sentensi kamili. Huhitaji kufundishwa kinachofanya. Mteremko unaokubalika ni kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Ukilazwa mno, uchafu hutuama; ukiinamishwa mno, maji hukimbia yakauacha nyuma. Uliza fundi, "Bomba linateremka kiasi gani?" na umwombe akuonyeshe. Fundi mzuri hufurahia swali hilo.

Haya yananirudisha kwa watunzi wa kamusi na wanaistilahi. Kazi yao ni kubwa na naiheshimu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1930, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania (BAKITA) likaundwa mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981. Maneno kama majitaka yamekaa vizuri katika vinywa vya watu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kwa Kifungu cha 43 imempa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha na ya usafi wa mazingira kwa kiwango kinachofaa. Naamini vifungu hivyo viwili vinahusiana. Haki ya usafi hudaiwa kwa maneno, na mpangaji wa ghorofa ya chini Umoja anayeweza kuandika "mtaro mkuu unarudisha" ana barua yenye nguvu kuliko anayeandika "choo ni kibaya".

Ombi langu ni kwamba kamusi ijayo ya ufundi ianze na vitenzi, na ivikusanye kwa mafundi wanaovitumia kila siku Kamukunji, Gikomba na kwenye maduka ya vifaa ya kila mtaa. Natoa vidahizo vichache vya kuanzia, kwa maana zilizoko kazini:

Gugumia: (ya choo) kutoa sauti ya kumeza maji yanaposhuka kwa sababu bomba limekosa hewa.

Nyonya: (ya saifoni) kuvuta maji yote ya sistani kwa mkupuo mmoja baada ya mkono kusukumwa.

Pitisha: (ya vali) kuruhusu maji kupita ingawa imefungwa.

Pumua: (ya bomba la majitaka) kupata hewa kupitia bomba lililopanda juu ya paa.

Rudisha: (ya choo au mtaro) kupandisha majitaka kupitia tundu jingine kwa sababu ya kizuizi kilicho mbele ya makutano.

Shika: (ya vali) kuzuia maji kabisa inapofungwa.

Kila fundi atakayesoma orodha hii ataongeza kitenzi kimoja nilichokosa, na mahali pa kitenzi hicho ni ndani ya kamusi. Kwa mwenye nyumba, kazi ni fupi zaidi: kabla ya kupiga simu, andika kwenye karatasi kitenzi kimoja cha kile choo kinachofanya, wakati kinapokifanya, na kitu gani kingine bafuni kinachobadilika pamoja nacho. Msomee fundi mistari hiyo mitatu, kisha mkubaliane bei.